Dumu Langu Limeishia Msibani Mollo

Jumamosi, Julai. Malangali, Sumbawanga.

Baridi ya leo haina mzaha. Upepo umeanza tangu alfajiri na mpaka sasa, saa kumi na mbili jioni, haujapumzika. Nimejifunga vitenge viwili juu ya sweta na bado vidole vinagoma kuandika. Ila sidhani kama ni baridi peke yake.

Vijana wawili wa Mollo wamekula oili yangu leo.

Nimeandika hivyo, nikafuta, nikaandika tena. Sina namna nyingine ya kulisema. Oili niliyoitengeneza kwa ajili ya giaboksi ya mashine imeingia kwenye sufuria la maharage msibani, na vijana wawili wamekula kabla sijafika. Daktari wa zahanati amewapima, akasema waangaliwe mpaka kesho. Mzee Kasiano, mwenye mashine huko Mollo, ameahidi kunipigia jioni hii anieleze hali zao. Simu iko hapa mezani, na kila ikiwaka kwa ujumbe wa kampuni ya simu naidaka.

Basi ngoja nianze mwanzo, maana nikikaa kimya nitapasuka.

Kwa mliofika kwenye ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Skola. Nilisomea kemia, nikafundisha kidogo, sasa nafanya kazi kwenye karakana ya Hashimu hapa Malangali. Hashimu ni fundi wa mashine za kukamulia alizeti. Kwao ni watu wa maduka na malori, yeye peke yake ndiye aliyependa kushinda na grisi mpaka kwenye viwiko, na mama yake mpaka leo hajamwelewa.

Mashine hizi zina giaboksi, yaani sanduku la gia, na giaboksi ikizeeka huvuja. Ile oili nyeusi ya dukani inadondoka kidogo kidogo, nyingine kwenye mafuta tunayopikia, nyingine kwenye mashudu tunayowapa ng'ombe. Nimekula mafuta ya namna hiyo utoto wangu wote. Mboga za nyumbani zilikuwa na harufu ya mashine na sisi tukadhani ndivyo mboga zinavyonukia. Nilipokuwa mkubwa nikajiuliza: kama mashine inakamua alizeti siku nzima, kwa nini na yenyewe isilainishwe kwa alizeti?

Jibu nililipata mwaka wa kwanza tu. Mafuta ya mmea ni dhaifu. Yakipata joto la gia siku nyingi yanaoza na kuwa gundi. Yakipata baridi ya huku kwetu yanaganda kama uji uliolala. Mara ya kwanza nilijaribu kwenye mashine ya Hashimu mwenyewe, na alikaa siku mbili anabandua ile gundi kwa patasi. Aliniita Mama Gundi msimu mzima, mbele ya wateja.

Sikuacha. Rafiki yangu wa chuo alinipa mbegu za aina fulani ya alizeti ambayo mafuta yake hayaozi upesi, nikazipanda nyuma ya nyumba ya mama. Nikajifunza kuyaosha mafuta kwa maji ya moto ili utomvu utoke. Nikajifunza kuitumia hii baridi tunayoilalamikia kila siku: naacha pipa nje, nta inaganda na kutuama chini, asubuhi nachuja kwa kitambaa. Mwisho natia dawa mbili, moja ya kuzuia mafuta yasioze, nyingine ya kulinda chuma. Ile ya kulinda chuma siyo ya kuliwa. Kopo lake limeandikwa wazi isimezwe. Nilikuwa nimejiahidi kuitafutia mbadala mara tu nikihakikisha kwamba oili yenyewe inafanya kazi.

Kazi hii imekula misimu mitatu. Mwezi uliopita ndipo ilipokubali. Ikatoka safi, nyepesi, rangi ya asali changa, haina harufu. Wengi wenu mliiona picha niliyoweka hapa wiki iliyopita, nimeinyanyua chupa dirishani jua linapita ndani yake. Kuna mtu aliandika chini kwamba yanaonekana matamu, yeye angekaangia samaki. Nilicheka. Nikamjibu kwa vile vikatuni vya kucheka, vitatu.

Hashimu hakucheka. Aliniambia niitie rangi. Alisema mara mbili, tena mara ya pili aliacha kazi akanifuata mpaka mezani. Akasema, dada, kitu cha mashine kifanane na cha mashine, weka hata bluu ya kufulia. Nikamwambia huko ni kuichafua kazi yangu. Nilisema nahitaji kuona kama inabadilika rangi ikifanya kazi, na hiyo ni kweli. Lakini nikiwa mkweli hapa, ambapo hakuna anayenilazimisha, nilitaka tu iendelee kung'aa. Nilitaka watu waione waseme aisee.

Tena nikaitia kwenye dumu la njano la lita tano, lile lile la mafuta ya kupikia, kwa sababu ndiyo madumu tuliyonayo. Sikuandika kitu juu yake. Karakanani wote tunajua lipi ni lipi.

Jumanne nikalipeleka Mollo kwa Mzee Kasiano. Yeye ana mashine ya kukamulia, kuukuu lakini anaitunza, na alikuwa amekubali tuijaribu oili kwake kwa sababu kule asubuhi ni baridi kuliko hata hapa mjini. Nilikuwa nimempigia wiki moja kabla. Sasa nafika, mzee hayupo. Dada yake alikuwa amezidiwa na ugonjwa huko Kaengesa, mzee ameondoka alfajiri. Nilimkuta mkewe, Mama Nesto, peke yake uani anapepeta maharage.

Nikamwamkia shikamoo, nikaweka dumu chini, nikasema nimemletea mzee mafuta.

Hapo ndipo. Nimeirudia dakika hiyo leo mara nyingi mpaka nimechoka nayo. Mama Nesto aliinuka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akainama kidogo na kupiga makofi mepesi kama wafanyavyo mama zetu wa Kifipa wakipewa kitu. Akalipokea kwa mikono miwili. Akasema Mungu anibariki, watoto wa siku hizi hawakumbuki tena. Akalipeleka jikoni, sio kwenye banda la mashine. Nilimwona kwa macho yangu akiliweka pembeni ya debe la unga.

Nilijua kwamba amepokea zawadi.

Maneno yalikuwa mdomoni. Mama, hiyo ni ya mashine. Ni maneno mangapi hayo? Lakini alikuwa ameshaanza kunijazia maharage kwenye mfuko, kwa sababu kwao mtu akikuletea kitu harudi bure, na kila kopo alilomimina lilinifunga mdomo zaidi. Unamwambiaje mtu mzima aliyekwisha kushukuru kwamba alichoshika siyo chake? Niliona aibu. Yake na yangu. Nikajiambia mzee anarudi kesho, atamweleza, watacheka wenyewe. Nikaaga, nikaondoka na maharage yake.

Jumatano sikupiga simu. Alhamisi sikupiga, wala Ijumaa. Nilijidanganya kwamba nina kazi, na kweli kulikuwa na mashine mbili za kufungua, lakini mtu akiwa na kazi hashindwi kupiga simu ya dakika moja. Sikutaka kuulizwa kwa nini sikusema pale pale.

Leo asubuhi, saa tatu, ndipo nilipopiga. Na hapa kuna jambo la kunitia aibu zaidi: sikupiga kwa ajili ya Mama Nesto. Nilipiga kwa sababu kulikuwa na umande mweupe umeganda kwenye nyasi na nilitaka kujua kama giaboksi imezunguka vizuri katika baridi hiyo.

Mzee Kasiano akanijibu taratibu, kwa upole wake ule ule. "Oili ipi, mwanangu? Mimi niko Kaengesa bado. Nilidhani hujaleta."

Nilikaa juu ya gunia la mashudu. Nikamuuliza namba ya mama, akanipa, nikapiga mara sita haikupokelewa. Hashimu alikuwa anafunga bolti, akaniangalia usoni, akaweka spana chini bila kuuliza. Nilipomweleza hakusema nilikwambia. Laiti angesema. Alikwenda tu kuitoa pikipiki.

Njia nzima nilikuwa nahesabu. Nilitia vijiko vingapi vya ile dawa? Vichache, kwa dumu zima. Mtu akikaangia kitunguu anatumia mafuta kiasi gani? Kijiko ni kidogo. Lakini kidogo kwa nani? Mimi najua inavyofanya chuma. Tumbo la mtu silijui. Upepo ulikuwa unanitoa machozi na nikaona afadhali, Hashimu asijue yapi ni ya upepo.

Kwa Mama Nesto mlango umefungwa. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akatuambia kuna msiba nyumba ya nne kutoka pale, bibi mmoja amefariki juzi, mazishi ni leo, wanawake wote wako huko wanapika. Nikamuuliza kama Mama Nesto alikuwa amebeba kitu.

Alikuwa amebeba dumu kichwani, akasema, tena la mafuta mazuri sana.

Tulikuta turubai limeshafungwa, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, moto uani una masufuria manne makubwa. Michango ilikuwa imepangwa ukutani: unga, maharage, chumvi, kabeji, na madumu ya mafuta saba au manane. Yote ya alizeti, yaliyokamuliwa huku huku kwetu, na kwa baridi ya leo yote yalikuwa yameganda na kuwa meupeupe chini. Isipokuwa moja. Moja lilikuwa angavu mpaka chini, ungesema limemiminwa sasa hivi.

Nilifurahi.

Naandika hili ili nisije nikajifanya baadaye kwamba halikutokea. Kabla ya hofu, kabla ya kuona kwamba dumu limebaki nusu, kitu ndani yangu kilisema haikuganda, Skola, umeweza. Labda ni sekunde moja. Lakini ilikuwepo, na mle ndani ya nyumba kulikuwa na jeneza. Mungu anisamehe.

Kisha nikaona kwamba limebaki nusu.

Mama aliyekuwa anaongoza jiko, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea misiba, aliniambia bila wasiwasi wowote kwamba walianza na hilo kwa sababu ndilo zuri kuliko yote, mengine yanataka kuyeyushwa kwanza. Wameungia maharage. Sufuria lote. Nikamuuliza kama kuna aliyekula. Akasema bado, isipokuwa vijana wawili waliokuwa makaburini tangu usiku kuchimba. Hao lazima watangulie kula, unajua mwenyewe kazi ile. Mmoja ni mjukuu wa marehemu.

Hashimu alinivuta kando. Alisema tumwambie huyu mama pembeni kwamba mafuta yameharibika, maharage yamwagwe, vijana wapelekwe zahanati kimya kimya, mengine tutayazungumza baada ya mazishi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ananihurumia mimi na anawahurumia wafiwa. Na mimi, kusema kweli, nilishaanza kutikisa kichwa kukubali.

Ila mama wa jikoni hakuwa mjinga. Alishaona uso wangu. Akalishika lile dumu, akanusa, akauliza kwa sauti: hili limeletwa na nani?

Mmoja akasema, Mama Nesto.

Jiko lote likageuka. Mama Nesto alikuwa amechuchumaa anamenya vitunguu, akainua uso kwa sababu amesikia jina lake, bado hajui kitu, kisu mkononi. Na niliona wanawake wawili wakiangaliana. Jamani, kwetu huku mtu akisikia kwamba fulani kaleta kitu kibaya msibani, habari hiyo haifutiki. Itamfuata sokoni, itamfuata kanisani, watoto wake wataikuta. Anaweza kuishi miaka thelathini zaidi na watu wakawa bado wanafunika sahani akipita.

Nikasema. Sauti haikutoka vizuri mara ya kwanza, nikasema tena mpaka wanaume wa kwenye mabenchi wakageuka. "Mama Nesto hana kosa. Ni oili ya mashine, nimeitengeneza mimi. Nilimpa mimi, nikaona amedhani ni mafuta ya kula, nikanyamaza."

Hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mwenyekiti wa mtaa aliinuka, akawaita wale vijana, wakapanda pikipiki na Hashimu, mmoja bado anatafuna kipande cha ugali. Nikampigia daktari wa zahanati, nikamsomea yote yaliyoandikwa kwenye kopo la dawa, maana picha yake ninayo kwenye simu. Aliniuliza kiasi, nikamwambia. Akasema ni kidogo, lakini yeye hajawahi kukutana na kitu hicho tumboni mwa mtu, kwa hiyo wanywe maji, wakae karibu, wakitapika au tumbo likikaza warudishwe kwake haraka.

Wanawake wakachimba shimo nyuma ya choo wakamwaga maharage. Sufuria zima la maharage ya msiba. Nikaomba nisugue mimi, wakaniachia, nikasugua kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikauma. Maharage mengine hayakuwa yamelowekwa na muda ulikuwa umekwenda. Watu waliporudi kutoka kuzika, kwenye upepo ule, walikula ugali na kabeji ya kuchemshwa, na haikutosha. Wengine walikula na chumvi. Binti wa marehemu alikuja kuchukua sahani yake, akanitazama, akasema asante. Nadhani alikuwa hajaambiwa bado.

Mama Nesto alinifuata pale kwenye sufuria.

"Jumanne ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akarudi kwenye vitunguu vyake. Hakunisemesha tena mpaka tunaondoka, na alipopita karibu yangu kuchota maji alipita kama anavyopita mtu karibu na mti.

Sasa nimekaa hapa. Hashimu ameondoka zamani, ameniambia nile, sijala. Kwenye rafu kuna madumu mengine manne ya ile oili. Nimeyatia bluu ya kufulia yote, nimeyaandika kwa rangi ya kucha OILI YA MASHINE pande zote nne na kwenye kifuniko. Yamekuwa mabaya kwelikweli, kijani cha maji ya dimbwi. Sijui kama nitaendelea na kazi hii. Najua siyo alizeti iliyokosea. Lakini nikiliangalia kopo la ile dawa najiona mtu aliyekuwa anawaambia watu oili yake ni rafiki wa chakula, na ndani yake akaweka kitu hata yeye asichothubutu kukionja. Nikiendelea, naanzia hapo. Kabla ya hapo hakuna dumu litakalotoka mlangoni.

Simu imeita.

Nimerudi. Alikuwa Mzee Kasiano. Ametoka Kaengesa jioni hii baada ya kusikia. Vijana wako salama mpaka sasa. Mmoja ameharisha mara mbili, mjukuu wa marehemu hana kitu, amelala baada ya kulalamika kwamba ana njaa. Daktari atawaona tena asubuhi. Nililia kwenye simu, mzee akasubiri nimalize.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kusikiwa na walio ndani, kama ni kweli haikuganda. Nikamwambia ni kweli. Akaguna tu.

Nikamwambia kesho nitakuja kwa wafiwa, nitaleta gunia la maharage na mafuta ya dukani, nimeshaongea na Hashimu. Nilisikia simu inapokonywa. Alikuwa Mama Nesto.

"Skola. Usilete maharage. Usilete mafuta. Usilete kitu chochote. Njoo wewe, ukae nasi."

Akakata.

Tangu nimezaliwa sijaingia kwenye nyumba ya msiba bila kushika kitu, hata pakiti ya chumvi. Unaingia, unakikabidhi, mnasalimiana, na hapo unakuwa umepata pa kuanzia. Kesho kuna watu wengi wataniangalia, na mama yule wa jikoni, na binti wa marehemu ambaye sasa atakuwa ameambiwa. Nitaondoka hapa mapema, kabla ya misa. Naogopa mno, na sijui mikono nitaiweka wapi.